Je, wajua kwa nini bomba la mafuta linahitaji wachomeleaji wengi kuliko wahandisi?

Mradi mkubwa wa mafuta ukitangazwa mkoani, ushauri wanaopewa vijana huwa uleule: soma uhandisi. Wazazi husema hivyo, walimu husema hivyo, na wanasiasa ndio usiseme. Si ushauri mbaya. Ila ukienda kwenye mtaro wenyewe ambamo bomba linalazwa, utakuta wahandisi wachache, halafu kundi kubwa la watu waliovaa glavu za ngozi na vinyago vya kuchomelea. Hao ndio wanaotafutwa kwa udi na uvumba, na mara nyingi hawatoki katika vijiji ambavyo bomba linapita.

Tuchukue Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lile linalojulikana zaidi kwa kifupi cha EACOP. Lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 296 ziko Uganda. Zilizobaki 1,147 zinapita mikoa minane ya Tanzania: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Kipande kimoja cha bomba kina urefu wa mita 18. Piga hesabu mwenyewe: ni vipande zaidi ya 80,000, na kila kimoja lazima kiungwe na mwenzake. Hapo hatujagusa vituo sita vya kusukuma mafuta, valvu, matangi ya Chongoleani wala gati la kupakia meli.

Jibu la swali letu limo humo. Mhandisi akishakokotoa unene wa chuma, aina ya kijiti cha kuchomelea na kiwango cha moto, hesabu yake inatumika kilomita zote. Fundi hana bahati hiyo. Mikono yake haiwezi kuwa Kahama asubuhi na Handeni jioni. Ni kweli kwamba siku hizi mashine zinazojiendesha huchomelea sehemu kubwa ya mabomba marefu ya namna hii, lakini mashine nayo inataka mtu anayejua kuiongoza na kujua imekosea wapi. Na bomba linapovuka mto, reli au barabara, au linapoingia kituoni, kazi inarudi kwenye mkono wa binadamu.

Kuna jambo jingine linaloongeza idadi ya mafundi katika bomba hili. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, kiasi kwamba yakipoa hadi joto la kawaida yanaganda. Ili yasafiri hadi baharini lazima yabaki na joto la nyuzi 50 hivi au zaidi. Kwa hiyo bomba linavikwa tabaka la kuzuia joto lisitoroke na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha, jambo linalolifanya kuwa bomba refu kuliko yote duniani linalopashwa kwa umeme. Kazi ya kulivika tabaka hilo ilijengewa kiwanda chake Sojo, wilayani Nzega. Hapo wanahitajika mafundi umeme, waendesha mitambo, wapima ubora na mafundi wa kufunika viungo baada ya kuchomelewa. Shahada si sharti kwa wengi wao. Kinachotakiwa ni ujuzi uliothibitishwa.

Uganda walilihesabu jambo hili mapema, na nadhani ndicho kitu bora zaidi walichofanya katika safari nzima ya mafuta yao. Mafuta yenye faida ya kibiashara yalithibitishwa Bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Kabla ya ujenzi kuanza, kampuni tatu zilizokuwa na leseni wakati huo, Tullow, Total na CNOOC, ziliagiza tathmini ya uwezo wa nchi kuihudumia sekta hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Yalionyesha kwamba ujenzi ukipamba moto, sekta ingehitaji watu wapatao 13,000 wa ajira ya moja kwa moja. Katika kila 100, wahandisi na mameneja wangekuwa 15, mafundi 60, na 25 waliobaki ni wa kazi zisizohitaji cheti. Kisha mafuta yakianza kutoka, idadi yote ingeshuka hadi 3,000 hivi.

Soma tena tarakimu ya mwisho. Watu 10,000 wanaondoka. Tutairudia.

Sasa, kuna mtu atauliza: mbona mafundi wa kuchomelea tunao? Kila mji una mtaa wao. Wanatengeneza mageti, grili za madirisha, majiko ya mkaa, matrela ya trekta, na wengine wanaunda mashine za kukamulia alizeti bila mchoro wowote. Moto wanaujua. Kwa nini mkandarasi anawapita na kwenda kuleta mtu kutoka ng'ambo?

Sababu kubwa iko ndani ya chuma, pasipoonekana kwa macho. Kiungo cha geti kikibaki na kiputo cha hewa katikati, geti litafunguka na kufungwa miaka 20 bila mtu kugundua. Kiputo hichohicho kikiwa kwenye bomba lenye mafuta ya moto yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa, ndicho mwanzo wa ufa. Ndiyo maana viungo vya bomba hupigwa picha za mionzi au kupimwa kwa mawimbi ya sauti. Kisichofaa kinakatwa na kuanza upya, kwa gharama ya mkandarasi.

Kwa sababu hiyo mchomeleaji wa bomba hupimwa kwa mitihani inayotajwa kwa namba na herufi. Wa mwanzo, 1G, bomba linalala na kuzungushwa, fundi anachomelea kwa juu tu. Kwenye 2G limesimama wima. Kwenye 5G limelala lakini halizungushwi, kwa hiyo fundi huanzia chini, anapanda ubavuni hadi juu, huku cheche zikimwangukia. Wa 6G ndio unaotisha: bomba limefungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, halisogei, na fundi analizunguka akibadilisha pembe ya mkono kila baada ya sentimita chache. Anayefaulu 6G anahesabiwa kuwa anaweza mikao yote. Fundi wa mageti mwenye miaka 15 kazini anaweza kushindwa siku ya kwanza. Si mvivu wala mjinga; hajawahi kudaiwa kitu kama hicho na mteja yeyote.

Habari njema ni kwamba mtu mwenye mkono wa kazi hahitaji miaka minne kufika huko. Anahitaji mashine nzuri, mwalimu aliyewahi kufanya kazi hiyo, na vyuma vingi sana vya kuharibu. Hapo kwenye vyuma ndipo vyuo vingi vinapokwama. Bomba nene la mazoezi ni ghali, vijiti vya kuchomelea ni ghali, umeme ni ghali, na mwanafunzi wa 6G anavila vyote kwa fujo. Chuo chenye bajeti finyu kitamfundisha nadharia na kumpa vipande vichache vya bati. Atatoka na cheti halali, lakini atafeli kwenye lango la mkandarasi.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika viwango vingi vya kimataifa, sifa ya mchomeleaji huisha nguvu ikiwa miezi sita imepita bila yeye kuchomelea kwa njia aliyopimwa nayo. Mfundishe kijana leo, mradi uchelewe mwaka mmoja, karatasi yake inakuwa kumbukumbu tu. Mfundishe mradi ukiwa umeshaanza, umechelewa: nafasi zimejazwa na wageni.

Mtwara na Lindi wanaujua uchungu wa kuchelewa huko. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, na makadirio ya gesi yote nchini yakapanda hadi futi za ujazo trilioni 57. Vijana wakahamasika, vyuo vikuu vikafungua kozi za mafuta na gesi, na madarasa yakajaa. Kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi, ukasogezwa mbele, na miaka ikapita. Aliyesomea gesi peke yake akabaki anaisubiri gesi.

Lakini katika kipindi hichohicho, chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) cha Mtwara kilifanya jambo la tofauti. Kwa kushirikiana na shirika la VSO na kampuni ya gesi ya BG, kiliinua mafunzo ya fani za kawaida, zikiwemo uchomeleaji na umeme, hadi kufikia vyeti vya City & Guilds, taasisi ya Uingereza inayotahini ufundi, na kuongeza Kiingereza cha kazini. Kiingereza hicho kinaweza kuonekana urembo tu, lakini maelekezo ya usalama kwenye miradi hii huandikwa kwa lugha hiyo, na asiyeyaelewa haruhusiwi kupita lango. Tofauti ya njia hizi mbili ni hii: fundi umeme mwenye cheti kizuri gesi isipokuja anakwenda kiwanda cha saruji, hotelini, au kwenye reli ya kisasa. Aliyesomea jina la mradi hana pa kwenda. Mimi ningekuwa na mtoto wa kumshauri, ningemwambia achague fani kwanza, rasilimali baadaye.

Hapa tunarudi kwa wale 10,000 wanaoondoka. Kila ujenzi mkubwa una kilele na mteremko, na hakuna chuo kinachoweza kuufuta mteremko. Swali ni ujuzi unakwenda wapi kazi ikiisha. Kenya wana mfano mzuri, ingawa wao walichimba mvuke, si mafuta. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Tangu miaka hiyo Wakenya wamekuwa wakienda Iceland kujifunza jotoardhi, katika mafunzo yaliyoanzishwa huko chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na hakuna taifa lililopeleka watu wengi kuliko wao. Walirudi, wakachimba, wakafundisha wengine. Miongo kadhaa baadaye KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, ilianza kupata zabuni za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Ujuzi uliojengwa kwa ajili ya bonde moja la Naivasha umekuwa bidhaa ya kuuza nje. Ilichukua muda mrefu, na hakukuwa na njia ya mkato.

Fedha za mafunzo zinatoka wapi? Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, maarufu kama SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Theluthi moja ya tozo hiyo sheria inaielekeza kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Waajiri hulalamika, na malalamiko yao yana chembe ya ukweli: wanalipa, kisha wanamfundisha upya kijana waliyemwajiri. Ila nao wana deni. Mwajiri anayetaka fundi aliyekamilika lakini hataki mwanagenzi hata mmoja aguse mashine zake, anadai mavuno ya shamba ambalo hakulipalilia. Uswisi, ambako takriban theluthi mbili ya vijana hupitia mafunzo ya ufundi baada ya elimu ya lazima, vyama vya waajiri ndivyo vinavyokaa mezani kuandika mitaala, na kampuni ndizo zinazowapokea wanagenzi. Serikali peke yake haiyawezi hayo.

Kwa mafundi wa mtaani kuna mlango ambao wengi hawaujui. VETA huendesha urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunza kwa mjomba wake gereji anapimwa kwa vitendo, anaonyeshwa mapengo yake, anafundishwa hayo tu, kisha anapewa cheti. Haumfikishi 6G, lakini unamtoa kwenye kundi la watu wasiohesabika. Na mkoa usiojua una mafundi wangapi hauwezi kumdai mkandarasi awaajiri.

Kudai huko kuna msingi wa kisheria. Kanuni za Tanzania za mwaka 2017 kuhusu ushiriki wa wazawa katika sekta ya petroli zinawataka wakandarasi wawasilishe mpango wa ushiriki huo, pamoja na ajira na mafunzo. Mipango hiyo huishia kwa wadhibiti. Kurasa zake za ajira zingefaa zifike pia kwenye vyuo vya ufundi vya mikoa husika, tena mwaka mzima kabla ya katapila la kwanza kuingia kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa bomba. Mwalimu wa uchomeleaji Nzega akijua mwezi ambao wachomeleaji watahitajika, na kwa mtihani upi, ataagiza mabomba ya mazoezi kwa wakati na kupanga darasa lake limalize wiki chache kabla ya usaili. Asipojua, ataendelea kufundisha mageti.