Je, wajua kwa nini f∘g huanza na g? Hapa f na g ni funksheni, yaani kanuni za kubadilisha namba, na f∘g ni kuziunganisha: jibu la moja linaingia kwenye nyingine.

Mwanafunzi wa sekondari hapa Bukavu husoma alama hiyo kwa Kifaransa, «f rond g», kisha kalamu yake inakimbilia f. Simlaumu, maana macho yamezoea kuanza kushoto. Lakini hesabu inaanza na g.

Sababu iko kwenye mabano. f∘g ya x ni f(g(x)), na x imekaa ndani kabisa, ikipakana na g. Mwanahisabati Leonhard Euler ndiye aliyeandika f(x) mwaka 1734, jina la funksheni kushoto, namba kulia kwake. Basi iliyo karibu na x ndiyo huipokea kwanza. Ya nje hupokea jibu ambalo limeshapatikana.

Twende soko la Kadutu. Tuseme mama ananunua jozi ya viatu vya mtumba kwa faranga 4,000. Usafiri ni 1,000, kwa hiyo g(x) = x + 1,000. Ili apate faida anazidisha mara mbili: f(x) = 2x. Akitia usafiri kwanza, anafika 5,000, halafu f inampa 10,000. Akianza kuzidisha, anapata 8,000, usafiri unakuja baadaye, jumla 9,000. Ile 1,000 imetoka wapi? Katika njia ya kwanza usafiri nao umezidishwa mara mbili! f(g(x)) ni 2x + 2,000, na g(f(x)) ni 2x + 1,000. Viatu viwe vya elfu nne ama elfu arobaini, tofauti haibadiliki.

Kosa ninaloliona sana kwenye madaftari ni kuandika f(g(4)) = f(4) × g(4). Kale kaduara si alama ya kuzidisha. Lingine ni la mabano. Chukua f(x) = x² na g(x) = x − 7. g(4) ni −3. Hapo wengi huandika −3² na kupata −9. Ifunge −3 yote ndani ya mabano, (−3)², upate 9.

Mara nyingine f inakataa kabisa. Badilisha iwe f(x) = √x: 4 ina kipeuo cha pili, lakini −3 iliyotoka kwa g haina, katika namba halisi. Hapo f∘g inataka x isiyopungua 7, wakati g∘f inakubali x yoyote isiyo hasi.