"Imekubali" si "zinapatana"

Wiki hii nimeisikia mara tatu: "Django yangu inapatana na Python mpya, nimeinstall imekubali." Python ni lugha ya kuandikia programu, na Django ni zana ya kujengea tovuti kwa lugha hiyo. Haya, tuliweke sawa.

Upatanifu wa programu ni matoleo mawili yanayojulikana kwa namba kufanya kazi pamoja bila moja kuliangusha jingine, na watengenezaji wamelijaribu hilo wakalitangaza. Basi.

Ila kitenzi chenyewe ndicho watu wanachokipita mbio. Patana ni pata yenye -an- ya pendana na gombana, na hiyo -an- haikubali mtu mmoja. Ukitaja elfu tano sokoni na mwenye nyanya yuko kimya, hamjapatana. Umetaja bei tu. Na Django 3.2, iliyotoka Aprili 2021, ilitaja bei tu: maelezo yake ya usakinishaji yanataka Python 3.6 au zaidi. Hiyo ni sakafu, dari haikuwekwa. Python 3.13 yenyewe imekuja Oktoba 2024, nani angeizungumzia? Pip, programu inayosakinisha vifurushi vya Python, inasoma "3.6 au zaidi", inaona 13 imezidi 6, inasakinisha bila hata onyo. (Na ile nukta si ya desimali, jamani. 3.13 ni mpya kuliko 3.9.)

Kisha unawasha seva, inakataa: No module named 'cgi', yaani moduli (kipande cha msimbo cha Python) iitwayo cgi haipo. Django 3.2 inaitegemea moduli hiyo kusoma vichwa vya maombi ya HTTP. Python ilishatoa taarifa tangu 3.11 kwamba cgi inaondoka, na 3.13 ikaiondoa kweli. Orodha ya matoleo ya Python yanayopatana na Django 3.2 inaishia 3.10, tena imeandikwa wazi kwenye nyaraka zake. Hata Django 5.1, ya Agosti 2024, haikuanza na 3.13 kwenye orodha. Iliongezwa rasmi kuanzia 5.1.3.

"Imekubali" silichukii, hata mimi nalitumia kutwa. Ila hapo iliyokubali ni pip, na pip haikuulizwa kama hao wawili wanaelewana. Kama hujaiona namba ya Python yako kwenye orodha ya Django yako, sema tu "imeingia".