Nyumba ya Pekee au Fleti? Weka Ushuru Kwenye Hesabu Kabla ya Kujenga

Kila tarehe 20 ikipita, wenye nyumba huja kwetu Nakuru kulalamikia faini. Wengi walijenga nyumba ya pekee Kiamunyi au fleti Free Area bila kuuweka kwenye hesabu ushuru wa mapato ya kupangisha nyumba.

Tumesema mara nyingi, na tunarudia: si kweli kwamba ushuru huu ni wa wenye magorofa. Sheria haihesabu milango, yaani nyumba unazopangisha. Inaangalia jumla ya kodi unayopokea kwa mwaka kutoka kwa nyumba zako zote za kuishi. Ikiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, unatozwa asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024. Nyumba moja ya kodi ya 25,000 kwa mwezi tayari imo. Ushuru wake ni 1,875 kila mwezi.

Asilimia hiyo hutozwa kwa kodi yote, kabla ya gharama, na hapo ndipo aina hizi mbili zinapoachana. Katika nyumba ya pekee, mpangaji kwa kawaida hufagia ua wake na kujilipia stima na maji. Fleti ina mlinzi, keateka, taa za ngazi, pampu, boza la maji mifereji ikikauka, na mara nyingi riba ya benki. Milango 12 ya shilingi 9,000 huleta 108,000 kwa mwezi. Ushuru ni 8,100 hata kama benki imechukua nusu. Mwenye mkopo mzito anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) aombe utaratibu wa kila mwaka. Huko riba, ukarabati na bima huondolewa kwanza, kisha faida hutozwa kwa viwango vya asilimia 10 hadi 35 kwa mtu binafsi. Riba tu, tafadhali: pesa za mkopo wenyewe haziondolewi, wala gharama ya kujenga.

Hata hivyo, milango miwili ya fleti hiyo ikikosa watu, bado unapokea 90,000. Nyumba ya pekee ikikosa mpangaji huna kitu, na lazima bado uwasilishe ritani (taarifa ya ushuru) ya sifuri. Wengi hunaswa hapa, kwa kudhani kwamba bila kodi hakuna ritani.

Ritani huwasilishwa kwenye iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mtu binafsi akichelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, chochote kilicho kikubwa. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 nyingine, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Risiti ya ada ya ardhi kutoka kaunti haifuti deni hili. Ile ni ya kaunti, huu ni wa serikali kuu.

Hatumchagulii mtu cha kujenga. Lakini mstaafu asiye na mkopo, anayetaka usumbufu mdogo, aifikirie nyumba ya pekee kwa uzito. Anayejenga fleti kwa pesa za benki aulize kuhusu utaratibu wa kila mwaka kabla mpangaji wa kwanza hajaingia.