Bizimu ya kufunguka haraka ni nini, na kwa nini haifunguki ovyo

Fundi wa rangi ananing'inia nje ya ghorofa ya nane. Ubao aliokuwa amesimama juu yake umechomoka, na kilichomshika ni mkanda wake wa usalama peke yake. Kwingineko barabarani, dereva amepinduka na gari lake, matairi juu, petroli inanuka, na kinachomzuia kutoka ni mkanda huohuo. Maisha ya wote wawili yako kwenye kipande cha chuma kinachoenea kiganjani: bizimu.

Bizimu ya kufunguka haraka ni kifungio kinachounganisha ncha mbili za mkanda wa usalama, kikabeba mvutano wote unaopita humo, na bado kikaachia kwa tendo moja au mawili ya mkono. Haina matundu ya kuhesabu kama mkanda wa suruali, wala huhitaji kupitisha utepe tena na tena kwenye pete. Unaichomeka, inalia, imefunga. Unaibonyeza, imeachia.

Maelezo hayo ni mepesi, lakini yanaficha swali ambalo mbunifu asipolijibu kabla ya kuchora mstari wa kwanza, kazi yake yote itaharibika: baada ya ajali, mtu huyu atauawa na kuachiwa au atauawa na kushikiliwa? Fundi wa ghorofani akiachiwa, anakufa. Dereva akishikiliwa garini wakati moto unakuja, anakufa. Kwa hiyo ziko koo mbili za bizimu ambazo kwa macho zinafanana, kumbe tabia zao zinapingana. Ya kwanza lazima igome kufunguka ikiwa na mzigo. Ya pili lazima ikubali kufunguka hata ikiwa na mzigo.

Tuanze na hii ya pili, maana wengi wetu tunaishika kila siku. Ni bizimu ya mkanda wa gari. Nchini Kenya ilienea hadi kwenye viti vya matatu, yaani magari madogo ya abiria, baada ya kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, kuanza kutumika mwaka 2004. Ndani yake kuna ulimi wa chuma wenye tundu, na komeo dogo linaloingia kwenye tundu hilo. Nyuma ya komeo amekaa mlinzi, yaani kipande kinachosukumwa na springi ili komeo lisiweze kuinuka. Mvutano wa mkanda unapita kwenye ulimi na komeo. Kidole chako hakigusi njia hiyo kabisa, kinamsogeza mlinzi tu. Hapo ndipo palipo ufundi wenyewe: njia ya mzigo imetengwa na njia ya kufungulia. Ingekuwa kidole kinapambana na mzigo moja kwa moja, mtu aliyening'inia kichwa chini asingefua dafu.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 16, inayohusu mikanda ya magari, imeliandika jambo hili kwa tarakimu. Baada ya jaribio la mgongano, huku mkanda bado unavutwa, bizimu ifunguke kwa nguvu isiyozidi nyutoni 60, sawa na kuinua mzigo wa kilo 6 hivi. Upande wa chini nao una mpaka: isifunguke kwa bahati mbaya, wala kwa nguvu iliyo chini ya nyutoni 10. Kitufe kiwe chekundu, na sehemu nyingine yoyote ya bizimu isiwe na rangi hiyo. Hilo la rangi naliheshimu sana, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa hasomi maandishi, anatafuta kitu alichokizoea. Ndiyo maana bizimu ya ndege, ambayo hufunguliwa kwa kuinua bamba la juu, inaweza kumpoteza abiria anayepapasa ubavuni akitafuta kitufe cha gari. Wahudumu wa ndege hawaonyeshi ile bizimu kabla ya safari kwa mapambo.

Ushahidi mkubwa wa ukoo huu ulionekana Bahrain tarehe 29 Novemba 2020. Dereva wa mbio za magari za Formula 1, Romain Grosjean, aligonga kingo za chuma akiwa kwenye kilomita 192 kwa saa. Mshtuko ulifika mara 67 ya uzito wa kawaida. Kwa hesabu ya juujuu, mtu wa kilo 70 katika kitambo hicho analemea mikanda yake kama tani 4.7. Gari lilikatika vipande viwili, likawaka. Bizimu iliyobana mikanda yote kiunoni mwake haikuachia kwenye mshtuko. Kisha, ndani ya moto, ilimtii mkono wake, na baada ya sekunde 27 hivi alitoka kwa miguu yake.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Viwango vya Ulaya vinataka kifyonza mshtuko cha mtu anayeanguka kizuie nguvu isipite kilonyutoni 6, yaani kama uzito wa kilo 600. Mkanda wa mwili mzima wenyewe hujaribiwa kwa kuvutwa kilonyutoni 15 kwa dakika 3. Bizimu ya kazi za juu huundwa ili mvutano huo uwe ndio kufuli yake. Chukua mfano wa ile aina ya Cobra ya kampuni ya AustriAlpin ya Austria. Ina vibonyezo viwili, kimoja kila ubavu, na lazima vibonyezwe kwa pamoja. Kijiti cha ubao au kona ya ukuta ikigusa kimoja tu, hakuna kinachotokea. Na mkanda ukishavutwa kwa uzito wa mtu, meno ya ndani hukazwa kiasi kwamba vidole haviwezi kuyatoa. Hesabu yake si ngumu: chuma kikikandamizwa juu ya chuma kwa kilonyutoni 6, msuguano wa moja ya tano tu ya mkandamizo huo unadai kilonyutoni 1.2 ili kiteleze. Hakuna kidole chenye nguvu hiyo.

Basi "haraka" kwenye jina lake ina maana gani? Ina maana ya kuvaa na kuvua ukiwa umesimama chini, ukiwa na glavu mikononi, mara kumi kwa siku bila kuchoka. Si kujifungua hewani. Naliona jina hili linapotosha, na ningependa kila anayefundisha vibarua alifafanue siku ya kwanza. Aliyening'inia huokolewa na wenzake kwa kumvuta juu au kumshusha, tena upesi, kwa sababu mikanda ya mapajani huzuia damu kurudi kutoka miguuni.

Kati ya koo hizi mbili yupo mrukaji wa parachuti. Yeye anaweza kulazimika kuliacha parachuti lililojisokota angali hewani, akiwa na mzigo wote, ili afungue la akiba. Bill Booth wa Marekani alilitatua hilo miaka ya 1970 kwa pete tatu. Pete kubwa inashikwa na ya kati, ya kati inashikwa na ndogo, na ndogo inashikwa na kitanzi chembamba cha uzi kilichopitishiwa waya. Kila pete ni wenzo unaopunguza nguvu, hivyo mzigo unaofika kwenye kitanzi ni sehemu ndogo mno. Ukivuta waya, kitanzi kinaachia na pete zinafuatana. Mfugaji anayemfunga ng'ombe kwa fundo la kuachia kwa kuvuta ncha moja ataielewa mara moja.

Kosa ninaloliogopa kuliko kukatika kwa chuma ni nusu-kufunga: ulimi umeingia, unaonekana umekaa, lakini komeo halijashika. Niliwahi kuazimwa mkanda kwenye jengo moja, nikachomeka bizimu nikasikia mlio, nikaridhika. Mwenzangu mzee akasema, "Vuta kwanza, mdogo wangu." Nilivuta, ikatoka mkononi kama kisu kwenye ala. Saruji ilikuwa imeganda ndani. Mbunifu makini huweka springi inayousukuma ulimi nje muda wote, kiasi kwamba usiposhikwa na komeo hauwezi kubaki ndani hata kwa sekunde. Ile kanuni namba 16 inadai hivyohivyo: isiwezekane kuiacha bizimu ikiwa imefungwa nusu. Na kuwe na tundu la kupitishia vumbi, kwa sababu mahali palipozibwa kabisa chini ndipo saruji inapokaa.

Kitufe chenyewe pia kina uzito. Gari likipigwa kwa upande fulani, kitufe kinaweza kujisogeza kwa uzito wake na kumwondoa mlinzi bila mtu kukigusa. Dawa yake ni kukifanya chepesi, au kuweka kipande kidogo kizito kinachosukuma upande wa pili wakati uleule.

Kiti cha mtoto kinaleta mzani wa namna yake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 44 ilipanga bizimu yake isiyo na mzigo ifunguke kati ya nyutoni 40 na 80. Chini ya hapo mtoto anajifungua njiani. Juu ya hapo bibi yake hawezi kumtoa.

Kuhusu malighafi nitasema machache. Bizimu za plastiki za mabegi, zile za kubana mbavu mbili, zibaki kwenye mabegi. Kwa pwani kama Tanga na Mombasa, chumvi huila springi kabla haijaonekana nje, hivyo springi iwe ya chuma kisichoshika kutu hata kama mwili wa bizimu ni wa alumini. Na bizimu iliyowahi kumdaka mtu aliyeanguka haitumiki tena. Ikatwe utepe wake siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajauokota stoo na kuuvaa.