"Hapa Pamebaki Wazi, Weka Kitu": Dhana Potofu za Tangazo la Gazeti

Kila muhula naletewa rundo la kazi za wanafunzi wa habari: tangazo moja la gazeti, robo ukurasa, bidhaa ya kubuni, pamoja na kurasa mbili za tafakuri ambamo mwanafunzi anaeleza alivyofikia maamuzi yake. Asubuhi nafundisha, jioni nipo kwenye chumba cha dizaini cha mtambo mdogo wa uchapaji Kariakoo. Kwa hiyo maneno yaleyale nayasikia mara mbili kwa siku, kwanza kwa mwanafunzi, halafu kwa mteja. Muhula huu tafakuri ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na sentensi hii: "Nilihakikisha nafasi yote imetumika ili kusiwe na upotevu." Ya pili ilisema hivyohivyo kwa maneno mengine. Nilipoikuta kwenye ya tano nikaifunga kompyuta, nikaenda kunywa chai, kisha nikarudi kuandika haya.

Dhana: nafasi tupu ni hela iliyotupwa

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Mzee mmoja mwenye duka la magodoro aliwahi kusimama nyuma ya kiti changu, akaugusa kioo cha kompyuta kwa kidole: "Mwanangu, hapa pamebaki wazi, weka kitu. Mimi nimelipia ukurasa mzima, sikulipia nusu." Simlaumu. Fedha ni zake na ukurasa wa gazeti si bei ya karanga. Ila tuangalie alinunua nini. Gazeti likikuuzia nafasi linakuuzia ukubwa na mahali: ukurasa mzima, nusu, robo, au sentimita kwa safu. Ukurasa wa mbele una bei yake, rangi ina bei yake. Ukiweka maneno matatu au mia tatu, ankara ni ileile. Matangazo yanayolipiwa kwa neno ni yale madogo madogo ya kiwanja kinauzwa na chumba kinapangishwa, na nahisi huko ndiko watu walikojifunza kubana kila kona kama wanaopakia lori la kwenda mnadani.

Sasa fikiria gazeti lenyewe likiwa mikononi mwa mtu. Yuko kwenye daladala, amebanwa kushoto na kulia, anafunua kurasa akitafuta michezo. Kwenye ukurasa ulipo wewe kuna safu nne za herufi ndogo nyeusi, picha ya kiongozi akikata utepe, na tangazo la jirani yako lililojaa pomoni. Vitu haviadimiki hapo. Tangazo lako nalo likijaa, linafanana na ukurasa mzima na jicho linalipita kama linavyopita ukuta uliobandikwa mabango. Eneo lililoachwa wazi ndilo kitu pekee ambacho waandishi wa habari hawakukitumia, kwa hiyo jicho linasimama hapo lenyewe bila kuitwa.

Niwaletee huyu mwanafunzi wangu, maana kazi yake ndiyo iliyonipeleka kwenye chai. Tangazo la juisi ya ukwaju. Tuliketi tukahesabu vilivyomo: chupa, glasi, picha ya maganda ya ukwaju, familia inayocheka, nyota ya njano yenye "OFA KABAMBE", namba tatu za simu, alama nne za mitandao ya kijamii, kaulimbiu mbili, fremu ya maua, ramani ndogo ya dukani, jina la juisi, aya ya maelezo, na alama ya ubora ya TBS kwenye bidhaa ambayo haijawahi kuwepo duniani (hilo tulilizungumza pembeni). Vitu 19 ndani ya robo ukurasa.

Nikakata vipande vya karatasi nyeupe, nikaanza kufunika kimoja baada ya kingine. Kila nikifunika namwuliza, "Umepoteza nini?" Familia ikaondoka, hakuna aliyeililia. Nyota ya ofa ikaondoka, na hapo ndipo alipokiri kwamba ofa yenyewe haikuwepo, aliiweka kwa sababu "pale kona palikuwa pweke". Tukafika kwenye ile aya ya maelezo, herufi za saizi 7 chini kabisa karibu na alama za mitandao. Akaisoma kwa sauti, na katikati ikapita hii: "...imeshachujwa, hivyo hutohangaika na kokwa."

Nikamwambia asimame hapohapo. Yeyote aliyewahi kuloweka ukwaju, akauvuruga kwa vidole, akachuja kokwa na zile nyuzi mpaka mikono ikanata, anajua sentensi hiyo ina thamani gani. Ilikuwa imefukiwa. Tukaichimbua, tukaikatakata mpaka ikabaki "Tumeshachuja." Neno moja, chupa, jina la juisi, na zaidi ya nusu ya eneo likiwa halina kitu. Tulipolishika mbali kidogo, mwenzake aliyekuwa akipita mlangoni akacheka kabla hajaambiwa chochote. Familia ile inayocheka haikuwahi kumchekesha mtu.

Wanafunzi wanaojua historia kidogo hukimbilia tangazo la Volkswagen, lile la "Think small" ("fikiria udogo") kutoka kampeni iliyoanza Marekani mwaka 1959. Ni kweli, ni mfano mzuri. Shirika la matangazo la Doyle Dane Bernbach lilikuwa linauza kagari kadogo ka Kijerumani kwa watu waliozoea magari makubwa kama majahazi, yaliyochorwa kwa rangi kujaza ukurasa. Helmut Krone, mbunifu wa picha wa shirika hilo, akakaweka kagari hako, picha nyeusi na nyeupe, kadogo, juu upande wa kushoto, na karibu eneo lote lililobaki akaliacha tupu. Utupu ule ulikuwa hoja yenyewe: udogo umeonekana kabla haujasemwa. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliitaja kampeni hiyo kuwa bora kuliko zote za karne ya 20.

Lakini wakishanitajia hivyo huongeza, "Kwa hiyo mwalimu, tangazo zuri halina maneno." Hapana! Chini ya ule utupu kuna safu tatu za maelezo alizoandika Julian Koenig, na ni maelezo ya kutosha kweli. Kuacha nafasi na kupunguza maneno ni mambo mawili. Unaweza kuwa na aya ndefu na bado ukawa na nafasi, mradi aya imekaa pamoja, picha imekaa pamoja, na kilichobaki kimeachwa kikiwa eneo moja kubwa. Mwanafunzi akiambiwa aache nafasi hutawanya vitu vyake na kuacha vipengo vidogo vidogo kila mahali. Hivyo ni vipengo, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Sogeza vitu vikae pamoja, utupu usukume pembeni.

Na nafasi tupu si lazima iwe nyeupe. Anga la usiku ni nafasi tupu. Ukuta wa bluu nyuma ya kiti ni nafasi tupu.

Kuna pahali namkubalia yule mzee wa magodoro. Kipeperushi cha bei za supamaketi kinatakiwa kijae. Msongamano ule unasema "vitu vingi, bei ya kutupa", na msomaji wa kipeperushi amekishika kwa hiari, anatafuta bei ya mafuta na mchele. Hakufunua gazeti akitafuta michezo. Ukiuza bei, jaza. Ukiuza kitu kimoja, ondoa.

Mwenye shaka bado, amtazame mwanamke aliyevaa kanga. Pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini, mstari mmoja kwa herufi kubwa. Unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara na ujumbe unamfika aliyekusudiwa, hata kama ni jirani anayejifanya hakuona. Sijawahi kusikia mnunuzi akirudi dukani kulalamika kwamba jina la kanga lingepaswa kuwa na aya ya pili na namba tatu za simu.

Ushauri wangu ambao wanafunzi wanaucheka mpaka waujaribu: chapisha tangazo lako kwa ukubwa halisi, ligundishe ndani ya gazeti la jana, mpe mlinzi wa getini au mama ntilie. Afungue ukurasa, wewe hesabu mpaka tatu, lifunge. Muulize ameona nini. Akikwambia "rangi rangi", rudi kwenye kompyuta.

Dhana: kila rangi ina maana yake, iko kwenye orodha

"Nilitumia bluu kwa sababu inaashiria uaminifu." Nani kasema? Orodha hizi zinanakiliwa tafakuri hadi tafakuri. Kuna mmoja alipaka tangazo lake la mboga kijani na njano, akaandika kwamba kijani ni uasilia na njano ni furaha. Nililipeleka tangazo lile kwa vijana wa mashine. Wa kwanza akasema, "Yanga hao." Wa pili, mtu wa Msimbazi damu, hakutaka hata kulishika. Wa tatu akauliza kama chama kimeanza kuuza mchicha. Rangi inabeba ilichobebeshwa na watu wa mahali hapo, na hapa kwetu kijani na njano zikikaa pamoja zimeshawahiwa. Uliza mtaani kwanza, orodha baadaye.

Dhana: rangi ya kwenye skrini ndiyo itakayotoka

Haitoki. Skrini inawasha mwanga, gazeti linapaka wino: samawati, majenta, njano na nyeusi, kila wino na pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia. Ile kijani inayong'aa kama taa ya baa haipatikani kwa wino hizo nne, hata ukilia. Karatasi ya gazeti nayo ni ya kijivujivu na inafyonza, nukta za wino zinatanuka, picha iliyokuwa na kiza kidogo inatoka kama imepigwa usiku wa mgao. Angaza picha kabla hujaipeleka. Na maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Ukiyatengeneza kwa mchanganyiko wa wino zote nne, pleti moja ikihama kiasi cha unywele tu, kila herufi inapata kivuli cha rangi na msomaji anadhani macho yamemharibikia.

Dhana: picha ya WhatsApp inatosha, mbona inaonekana safi

Inaonekana safi kwenye simu. Ukurasa wa A4 kwa msongamano wa pikseli (nukta zinazounda picha) 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyobanwa ikafika na upana wa pikseli 1600 inatosha sentimita 13 na nusu, basi. Kubadilisha ile namba ya msongamano kwenye programu kutoka 72 kwenda 300 hakuongezi hata unyoya mmoja kwenye picha ya kuku. Mwambie aliyepiga akutumie kama faili, siyo kama picha. Gazeti lenyewe linavumilia chini kidogo ya 300, na bango la barabarani linavumilia zaidi kwa sababu linatazamwa kwa mbali, lakini usianze kazi kwa kutafuta msamaha.

Dhana: Kiingereza kinaipa bidhaa hadhi

Tangazo linakwenda kwenye gazeti la Kiswahili. Msomaji amelinunua kwa sababu anasoma Kiswahili. Sina la kuongeza.

Dhana: tafakuri ni kusimulia ulichobofya

"Nilifungua programu, nikachagua ukubwa wa ukurasa, nikaweka picha, nikaongeza maandishi." Hii ni risiti. Hainiambii chochote ambacho sikioni kwenye kazi. Ninachokitafuta ni kile nisichokiona: ulitupa nini, na kwa nini. Onyesha kichwa cha tangazo ulichokipenda ukakiua. Sema ulijaribu kuiweka chupa katikati, ikaonekana kama picha ya pasipoti, ukaisogeza kulia. Kwa hiyo usifute matoleo yako ya mwanzo. Yahifadhi yote kwa namba, hata yanayokutia aibu, hasa hayo. Mwanafunzi mwenye toleo moja tu hana cha kutafakari, anabaki kupamba.

Na usiniandikie kwamba kazi "ilifanikiwa kwa kiasi kikubwa". Ilifanikiwa kwa nani? Mlinzi alisema nini?

Mwanafunzi wa ukwaju alirudisha kazi wiki iliyopita. Tafakuri yake ilikuwa kurasa mbili kamili, matoleo saba yakiwa yameambatishwa, na maelezo ya kila kilichoondolewa. Alimpelekea mama ntilie aliye karibu na hosteli yao. Mama akafungua gazeti, akalifunga, akasema, "Juisi ya ukwaju, imechujwa tayari." Halafu akauliza: "Sasa mwanangu, inauzwa wapi?"

Ramani nilikuwa nimeifunika mimi, kwa mkono wangu, na namba zote tatu za simu. Ameliandika hilo kwenye aya ya mwisho, kwa adabu, bila kunitaja: "mwelekezi alipendekeza kuondoa mawasiliano yote." Nimempa alama za juu, na toleo la nane lina mstari mmoja mdogo chini ya chupa.