Hapana, Mchoraji Hakukosea Miguu ya Farasi

Mniwie radhi, leo naandika nimekereka. Kazi yangu ni kusafisha na kutengeneza picha kongwe za rangi ya mafuta, na nyingi zinazopita mezani kwangu ni za farasi wa mbio wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901. Kila mara kuna mtu ananitumia picha ya simu, na hukumu ameshaitoa mwenyewe: “Fundi, hii feki. Tazama miguu. Farasi gani anakimbia hivi?” Miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma imenyooshwa nyuma, tumbo linaelea juu ya majani. Safari hii aliyeniandikia alikuwa ameshaiacha picha mnadani kwa sababu hiyo, na anajisifu.

Sawa, farasi hakimbii hivyo. Akienda shoti, ukwato mmoja wa nyuma hutua, unafuata mwenzake, kisha mmoja wa mbele, kisha wa mwisho. Baada ya huo wa mwisho huja nukta ya wakati ambapo hakuna ukwato unaogusa ardhi, lakini hapo miguu yote minne imekunjwa chini ya tumbo. Anayepaa akiwa amenyooka ni duma, na mbwa wa mbio.

Sasa ulizeni tulilijua hilo lini. Juni 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia ya mbio, gharama zikiwa za tajiri Leland Stanford, na kila kamera ikapiga farasi alipoipita. Kabla ya hapo hakuna jicho lililoweza kuikamata ile nukta. Kwa hiyo picha ya 1850 yenye farasi aliyenyooka imefanya kile ambacho karibu kila mchoraji alifanya. Mchoraji Mfaransa Géricault alichora mbio za Epsom, Uingereza, mwaka 1821 vivyo hivyo, farasi wote wananing'inia hewani, na picha hiyo iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Mkawaambie Louvre nao wamepigwa.

Halafu kuna wale wa “hakujua anatomia”. Hawa ndio hasa wanaonichosha. Mchoraji Mwingereza George Stubbs alijifungia Horkstow, Lincolnshire, kwa muda wa miezi 18 hivi, akipasua mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka, ngozi, misuli, mishipa, hadi mifupa, akachapisha michoro yake mwaka 1766. Alimjua farasi kuliko waganga wengi wa mifugo wa zama zake. Na mwaka 1791 mtu huyo huyo akamchora farasi Baronet, joki (mpanda farasi wa mbio) Sam Chifney mgongoni, miguu imenyooshwa mbele na nyuma kama kawaida! Wachoraji wa enzi ya Victoria walirithi mtindo huo kutoka kwa watu wa aina yake, si kutoka kwa wajinga.

Kwa nini basi? Maelezo ya vitabuni ni mafupi: ulikuwa mtindo wa mapokeo, kamera ikaja, mtindo ukafa. Mimi sijaridhika nayo. Mtaalamu wa sanaa Mfaransa Salomon Reinach alishaonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mnyama anayekimbia kwa kunyooka yumo katika sanaa ya Mycenae, Ugiriki ya kale, na ya China, na bado watu wanabishana kama mtindo ulisafiri au ulibuniwa mara kadhaa. Dhana yangu, na ichukueni kama dhana tu, ni kwamba jicho hushika ncha za mwendo. Mguu ukifika mwisho wa mnyoosho hutulia kidogo kabla ya kurudi, na hicho ndicho kinachobaki kichwani. Tena mtindo huo unasomeka kama kasi. Chukua fremu ya Muybridge yenye miguu iliyokunjwa, itazame peke yake: farasi anaonekana amejikwaa, si anakimbia.

Wala kamera haikuua chochote kwa siku moja. Muybridge alikuja kuonyesha kazi yake London mwaka 1882, Prince of Wales akiwa miongoni mwa watazamaji, na bado kuna wachoraji walioendelea kunyoosha miguu kwa miaka mingi. Mwenye farasi ndiye aliyelipa, naye alitaka kumwona farasi wake akipaa. Ndiyo maana kwa picha za 1880 hadi 1900 miguu hainisaidii kabisa kukadiria mwaka. Kichwa kidogo kupita kiasi na shingo ndefu ni hadithi ile ile: sifa za mbegu bora zikitiwa chumvi ili mteja afurahi.

Mkitaka kushuku kitu, shukuni joki. Enzi ya Victoria joki aliketi wima, hatamu ndefu, rikabu (vikanyagio vya miguu) ndefu, miguu karibu inyooke. Fred Archer, joki aliyeshinda Derby, mbio kuu za Epsom, mara 5 kabla ya kufa mwaka 1886, alipanda hivyo. Kule kuinama shingoni mwa farasi, magoti juu, mnakokuona leo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, kuliletwa na Wamarekani: Willie Simms, joki Mweusi, alishinda Uingereza mwaka 1895 akipanda kwa rikabu fupi, lakini sifa zikamwendea Tod Sloan aliyefika 1897 na kuchekwa kuwa ni tumbili juu ya fimbo. Picha iliyoandikwa 1860 yenye joki aliyejikunja hivyo inahitaji maelezo mazito sana.

Msigeuze tena hoja mkaniambia kila farasi aliyenyooka ni halisi. Picha za John Frederick Herring, dereva wa magari ya farasi aliyegeuka mchoraji na kufa 1865, zilichapwa na kusambazwa sana, na wanakili wamekuwa wakiziiga tangu hapo, miguu na yote. Geuza picha utazame nyuma. Muhuri wa Winsor & Newton, wauzaji wa vifaa vya uchoraji, wenye anwani unasaidia kujua turubai iliuzwa miaka gani, ingawa turubai kuukuu inaweza kupakwa rangi hata leo. Rangi nyeupe ya titani ikiwa kwenye tabaka la kwanza kabisa, hiyo ni ya karne ya 20, basi. Na tafadhali, mkitaka kuisafisha picha, msiisugue kwa kitunguu, kiazi wala mkate.

Kinachonipa kazi zaidi ni koti la joki. Kila mwenye farasi alikuwa na rangi zake zilizosajiliwa: Lord Falmouth koti jeusi lenye mikono myeupe na kofia nyekundu, Duke wa Westminster manjano na kofia nyeusi. Ukijua rangi unaweza kumjua mwenye farasi, na mara nyingine farasi mwenyewe. Wauzaji nao wanalijua hilo. Chini ya taa ya urujuanimno (UV) vanishi kongwe, lile tabaka angavu la kuilinda picha, hung'aa kijanikijani, na rangi iliyopakwa juu yake baadaye huonekana kama doa jeusi. Nikiona doa la namna hiyo limefuata ukingo wa koti kwa uangalifu, najua kuna mtu amembadilishia joki mwajiri. Kuna wateja ambao nikiwaonyesha hilo huniambia niache koti lilivyo, nisafishe anga tu.