Posti imara kuliko jino lenyewe

"Mwekee posti ya chuma, isije ikavunjika tena." Wiki hii nimeisikia mara ya tatu, na safari hii haikutoka kwa mzazi. Imetoka kwa daktari mwenzangu wa meno. Nimechoka kumeza mate.

Jino la mbele la mtoto wa miaka 3, lililoliwa na chupa ya usiku hadi kikabaki kisiki, linahitaji posti, yaani kijiti kinachosimikwa ndani ya mzizi, ili kompositi, kijazio cha rangi ya jino, ipate pa kushika. Posti hiyo inaingia milimita 3 au 4 tu ndani ya mfereji wa mzizi. Huko chini mzizi utayeyuka wenyewe kupisha jino la ukubwani, na kwenye miaka 6 au 7 jino linang'oka. Sasa skrubu ya chuma ya mtu mzima inatafuta nini humo? Kuta ni nyembamba kama ganda la yai. Siku mtoto akijikwaa, posti itabaki salama na mzizi utapasuka.

Posti ya waya wa omega, uliokunjwa kwa umbo la herufi Ω, ni nafuu, naukunja mwenyewe kwa koleo, lakini haugandani na kompositi. Unashikwa na umbo lake tu, na usipofunikwa vizuri ukijivu wake huchungulia. Posti ya kompositi tupu husinyaa ikipigwa taa ya kuigandisha. Faiba, yaani posti ya nyuzi za kioo, inanyumbuka karibu sawa na dentini, sehemu ngumu ya ndani ya jino, na inakubali gundi. Basi faiba imeshinda?

Ngoja. Posti zinazonirudia zimefungwa kwenye tishu, mkononi mwa mama, nyingi hazijavunjika. Zimechomoka nzima. Zinuse: karafuu! Ni yujenoli hiyo, kiini cha mafuta ya karafuu, iliyomo kwenye dawa tuliyojazia mfereji, na kompositi ikiigusa haikauki sawasawa. Ukiacha utando wake ukutani, weka hata dhahabu, itachomoka. Kwangua, ziba juu ya dawa kwa saruji ya glasi ayonoma, kisha ndipo asidi na gundi. Yote hayo mtoto akiwa analia na mate yakipanda kama maji kujaa. Hapo ndipo kazi inapoharibika, wala hakuna anayeniuliza habari zake.

Mimi hupenda faiba. Ila nikisema kweli, faiba huwawekea watoto watulivu, ambao wazazi wao wana pesa na wanarudi kliniki. Waya huishia kwa wanaopiga mateke. Sijui nimekuwa nikilinganisha posti au watoto.

Waya mmoja niliuweka kwa mtoto aliyesinzia kitini, mdomo mkavu kabisa. Huu ni mwezi wa 14, haujatikisika.